Vipande vya kuagana: historia fupi ya kitambaa tulichopeana kati ya Uvira, Kigoma na Marekani

Ndugu wanachama, nanyi marafiki mnaotusaidia kutoka mbali,

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo hatukulimaliza. Mfadhili mmoja mwenye nia njema aliviona vile vipande vya bikwembe ambavyo wengi wetu tunavitunza masandukuni. Akauliza: mbona msivishone vyote pamoja, viwe blanketi moja kubwa, liuzwe ng'ambo, na pesa ziingie katika sanduku la chama? Baadhi yetu walikubali pale pale, maana hali ya sanduku letu kila mtu anaijua. Wengine walinyamaza. Kisha mama mmoja wa Kasenga akasimama akasema: "Kipande niko nacho, lakini si changu. Ni cha mwenye alinipa." Mkutano ukafungwa bila jibu.

Ofisi ikaombwa iandike historia ya vipande hivi, ili tutakapokutana tena kila mmoja ajue tunazungumzia nini, hasa vijana waliozaliwa kambini na wale waliozaliwa baada ya kurudi. Historia yenyewe ndiyo hii. Mwishoni tunatoa pendekezo letu.

KIPANDE NI NINI

Kwa yule ambaye hajakiona: ni mraba wa kitambaa, shibiri moja kila upande. Ndani yake mna miraba minne midogo, kila mmoja wa kikwembe chake. Unakata karatasi ngumu ya katoni iwe kipimo, unaiweka juu ya kitambaa, unachora kwa mkaa au kwa kipande cha sabuni, unakata huku ukiacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Unashona miwili pamoja, na mingine miwili pamoja. Kisha unaunganisha hizo jozi mbili, ukiangalia mishono ikutane sawasawa katikati. Hapo katikati ndipo panapomtambulisha fundi na mwanafunzi. Nyuma unaweka shuka lililochakaa au mfuko wa unga uliofuliwa, unakunja pindo, umemaliza. Mwenye mashini atamaliza kwa nusu saa. Mwenye sindano tu, jioni moja au mbili.

Katika kundi letu desturi ilikuwa hivi: mraba mmoja unatoka katika nguo ya anayeondoka, mmoja katika nguo ya anayebaki, na miwili kwa majirani. Na tulishona viwili vinavyofanana. Kimoja kinaondoka, kimoja kinabaki. Jina la kila mwenye nguo linashonwa kwa uzi juu ya mraba wake.

Kwa hiyo ukiona kipande kimoja, ujue mahali fulani kuna pacha wake, na kuna majina manne.

NGUO ILITUTANGULIA KUSAFIRI

Watu wa ziwa hili walijua thamani ya kitambaa zamani sana. Aprili 1858, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton aliandika kwamba hapa palikuwa bohari kubwa ya kaskazini ya biashara: pembe za ndovu, nafaka, vitu vya chuma, nguo za magome ya miti, na watumwa. Tusifiche hilo la mwisho. Katika njia ile ya misafara kitambaa kilikuwa fedha, na fedha hiyo ilinunua pia watu.

Nguo iliyopendwa zaidi iliitwa merikani. Jina lake linasema ilikotoka: ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Marekani na Seyyid Said walikuwa wametia sahihi mkataba wa biashara mwaka 1833. Kutoka Zanzibar wapagazi waliibeba kwa miguu hadi Ujiji, kisha mitumbwi ikaileta huku kwetu. Tunaomba msomaji alikumbuke jina hilo la Massachusetts, maana tutalirudia.

Ufundi wa kushona viraka nao una historia yake. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na nyumba za mafunzo ya akina mama, zilizoitwa foyer sosiale. Ile ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ng'ambo tu ya pwani yetu, ilifundisha kuanzia 1946 hadi wakati wa uhuru. Wanawake walifundishwa kupika, kutunza mtoto, kushona, na kutengeneza nguo iliyochanika. Misheni nazo zilikuwa na madarasa ya sindano. Nia ya Wabelgiji ilikuwa kumfanya mke wa karani awe mke wa nyumbani wa namna yao. Lakini mama zetu na bibi zetu walichukua sindano wakaacha mengine. Kiraka kilichofundishwa kwa ajili ya suruali ya mume ndicho kilichokuja kuwa kipande cha kuagana.

KUONDOKA BILA KUAGANA

Mwaka 1964, mwezi wa tano, waasi waliiteka Uvira. Familia nyingi zilikimbia, nyingine Burundi, nyingine ng'ambo ya ziwa hadi Kigoma. Wazee wetu wanaokumbuka wanasema jambo moja: hakuna aliyemwaga mtu. Ulifunga mzigo usiku, asubuhi jirani akakuta mlango wazi.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 ikatupata sisi wenyewe. Vita vilishuka bondeni, Uvira ikaanguka, watu wakafuata barabara ya Fizi kwa miguu au wakatafuta mtumbwi. Kule Tanzania kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba ya mwaka ule, katika wilaya ya Kasulu. Lugufu ikafuata. Mama mmoja wetu, aliyekuwa akiuza samaki Kalundu, alifika Kigoma na watoto watatu, sufuria moja, na kikwembe alichovaa. Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa ameenda sokoni siku ile. Hawajaonana hadi leo. Anasema hivi: "Kama ningejua, ningekata hata kipande cha nguo yake."

Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, meli ya zamani ya Wajerumani, Liemba, ilikodishwa na HCR ikarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000. Baadhi yetu tulikuwemo. Tulifurahi mapema. Agosti 1998 vita vikaanza upya, na wengi tukavuka ziwa mara ya pili, tena bila kuagana.

KAMBINI

Hapo ndipo desturi ilipoanza kwetu. Hatudai kwamba sisi ndio tulioibuni, maana watu wanashona viraka dunia nzima. Tunasema tu jinsi ilivyotokea katika mtaa wetu wa kambi.

Kulikuwa na mafundi wa cherehani waliokaa barazani karibu na soko. Chini ya kila mashini palikuwa na rundo la vipande vilivyokatwa shingoni na mikononi mwa blauzi za watu. Watoto walivichezea mpira. Akina mama wakaanza kuviomba. Uzi ulikuwa ghali, kwa hiyo tulifumua mifuko ya PAM, ile ya unga na maharagwe, tukasokota nyuzi zake. Mwanzoni tulishona vitambaa vya kufunika chakula na vya kuweka juu ya viti, kwa kuuza.

Kisha watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwingine alihamishwa, mwingine alijaribu bahati yake Dar es Salaam, mwingine aliamua kurudi Fizi kwa siri kutazama kama nyumba ingali imesimama. Safari hii tulikuwa tunajua siku. Na mtu akijua siku ya kuondoka kwa rafiki, hawezi kukaa mikono mitupu. Pesa hakuna, picha ni ghali, chakula ni cha mgao. Kilichokuwapo kilikuwa vipande vya nguo.

Ukitazama vile vya miaka hiyo utaona historia ya kambi nzima. Kuna kikwembe cha tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake. Kuna sare ya kwaya. Kuna kanga ya Kitanzania iliyonunuliwa soko la Kasulu. Kuna shuka la kituo cha afya. Kimoja kina kona ya nguo ya mtoto aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka, mama yake aliikata mwenyewe akampa mkunga aliyekuwa anaondoka. Hatukumuuliza kwa nini.

MELI YA KURUDI

Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarudisha wakimbizi wa Kivu ya Kusini kutoka Kigoma hadi Baraka kwa meli. Tuliokuja na Mwongozo tunaukumbuka usiku ule: watu wameshikilia mizigo, watoto wanatapika, wazee wanaitafuta milima ya upande wa pili kabla hakujapambazuka. Baraka tulipokelewa, tukaandikwa, tukapewa vyombo na mgao wa kuanzia. Wa Uvira tuliendelea kwa gari.

Kila mmoja alikuwa na karatasi ya kurudi. Karatasi ile ilisema jina lako, watu wa familia yako, na mahali unapokwenda. Haikusema jirani yako alikuwa nani kwa miaka tisa, nani alikukopesha chumvi, nani alikuzalisha. Hayo yalikuwa kwenye kipande.

Tunaeleza kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichozaa chama hiki. Mjane mmoja alirudi Uvira akakuta parsele ya marehemu mume wake inakaliwa na watu wengine. Walikuwa na karatasi, yeye hakuwa na karatasi, nyumba iliungua na kila kitu mwaka 1996. Akaambiwa alete mashahidi waliokuwa majirani kabla ya vita. Ataleta wapi? Wengine wamekufa, wengine hawajulikani waliko. Alikaa mlangoni kwa dada yake majuma mawili akilia tu. Kisha akafungua mfuko wake akatoa kipande alichopewa Lugufu. Majina mawili kati ya yale manne yalikuwa ya watu wa avenue yake ya zamani, waliokutana tena kambini. Wote wawili walikuwa wamerudi, mmoja Baraka, mwingine Kavimvira. Kipande chenyewe hakikuwa ushahidi, na hakuna mkubwa yeyote aliyekitazama. Lakini kilimwambia amtafute nani. Watu wale walikuja wakasema walichojua. Kesi ilichukua muda mrefu, na mwishowe alipata nusu ya parsele. Nusu ni kidogo kuliko haki yake. Lakini leo anakaa hapo.

Baada ya hapo tukaanza kutafutana kwa njia ile ile. Mtu analeta kipande, tunasoma majina, tunaulizana: huyu yuko wapi? Kwanza tulikuwa kikundi cha watu wachache waliokuwa na likelemba ya kila juma. Kisha tukaongeza mchango wa matanga, mchango wa wagonjwa, na watu wa kusindikizana kwenye kesi za mashamba na parsele. Mutualite yetu ilizaliwa hivyo. Daftari letu la kwanza la wanachama lilinakiliwa kutoka kwenye nguo.

WENGINE WAKAENDA MBALI ZAIDI

Si wote waliorudi. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Kuanzia 2015 mpango mkubwa wa kuwapeleka Wakongo wa Nyarugusu katika nchi za mbali ulishika kasi, na wengi wakaenda Marekani. Ndugu zetu waliondoka na ule mfuko wa OIM wenye hati na picha za eksirei za kifua. Kipande kilikunjwa kikawekwa humo humo, nyuma ya eksirei, kwa sababu mfuko ule hauachwi mkononi mwa mtu.

Januari 2017 serikali ya Marekani ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi kwa siku 120. Kuna watu walikuwa wamekwisha agwa. Wamegawa sufuria, wamegawa godoro, wamekula chakula cha mwisho na majirani, wameshika kipande mkononi. Wakabaki. Rafiki yetu mmoja alitaka kurudisha kipande chake, akiona aibu kukaa nacho hali hajaenda popote. Majirani wakakataa: "Ulishaagwa. Kaa nacho, siku itakuja." Siku ilikuja baada ya zaidi ya mwaka mmoja.

Na sasa lile jina la Massachusetts. Dada wa mwanachama wetu, anayeishi Marekani, alitutumia picha kwa simu. Alipelekwa na wenzake wa kanisani kwenye makumbusho, akakuta ukutani blanketi kubwa la viraka, na kila mraba una jina la mtu. Akauliza. Akaambiwa kwamba miaka ya 1840, katika majimbo ya mashariki, wanawake walishonea marafiki blanketi za namna hii wakati familia ilipohamia magharibi au mchungaji alipobadilishwa kituo. Kila mmoja alishona mraba wake akatia jina kwa wino usiofutika. Wengi waliotengana hawakuonana tena.

Miaka ile ile ya 1840, merikani ya Massachusetts ilikuwa inashuka Zanzibar kuanza safari ya kuja ziwani kwetu. Kumbe pale ilipofumwa nguo ya biashara, watu walikuwa pia wanakata nguo kwa ajili ya kuagana. Wao hawakutujua, nasi hatukuwajua. Dada yule alitoa kipande chake katika pochi akawaonyesha wenzake. Anasema walinyamaza, kisha mzee mmoja akamwomba amsomee majina.

MAJI YA 2020

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Maji na mawe yalipita katikati ya mji, watu walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika. Wanachama wetu wengi walipoteza kila kitu kwa mara ya tatu katika maisha yao, na safari hii hakuna aliyewafukuza kwa bunduki.

Vipande vingi vilikwenda na maji siku ile. Vingine vilichimbuliwa kwenye matope siku za baadaye. Tulijifunza jambo ambalo tunalisema hapa kwa faida ya wote: majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya Bic yalifutika yote. Yaliyoshonwa kwa uzi yalibaki, hata yale ya uzi wa mfuko wa PAM. Tulivifua kwa maji ya ziwa, tukavianika kwenye ua, tukayasoma.

Walioishi mbali walipopata habari, walianza kutuma picha za pacha zao. "Kile chako kikipotea, hiki kiko." Kwa njia hiyo tuliweza kushona upya vilivyopotea.

TUNACHOPENDEKEZA

Tunamrudia sasa mfadhili wetu na swali lake. Tunamshukuru kwa dhati, na tunamwomba asione vibaya jibu hili. Aliona kitambaa kizuri, akawaza namna ya kutusaidia, naye hakukosea.

Pendekezo la ofisi, litakaloletwa mkutanoni, ni hili.

Kwanza, vipande vya zamani visiuzwe wala visiunganishwe. Kila kimoja kina pacha, na mwenye pacha ana haki ya kukuta cha mwenzake mahali alipokiacha. Kukishona ndani ya blanketi la kuuzwa ni kumuuza mtu ambaye hakuulizwa.

Pili, kila mwenye kipande akilete mkutanoni. Kitapigwa picha, majina yataandikwa katika daftari jipya, kisha mwenyewe atarudi nacho nyumbani siku hiyo hiyo. Daftari litatunzwa mahali pawili, sehemu za juu, mbali na mto.

Tatu, blanketi lishonwe, ndiyo, lakini la vipande vipya. Mafundi wetu wa Kimanga na Mulongwe wamekubali kutuwekea mabaki yao bure. Akina mama wanaojua wawafundishe wasichana, na wavulana wanaotaka. Blanketi hilo liuzwe kwa bei nzuri, na pesa ziende kwenye mchango wa matanga na kwenye nauli ya mashahidi wa kesi za parsele. Huu ndio msaada tunaouomba kwa wafadhili: uzi imara, sindano, na mashini mbili za miguu, kwa sababu umeme tunaujua.

Mama wa Kasenga tulimsomea maneno haya kabla ya kuyachapisha. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akatusahihisha: mraba wa mkunga haukuwa wa bluu kama tulivyoandika mara ya kwanza, ulikuwa wa kijani. Tukaondoa rangi. Halafu akauliza kama katika daftari jipya kutakuwa na nafasi ya kuandika, mbele ya kila jina, kama mtu yuko hai.

Tumeiweka nafasi hiyo. Mje na vipande vyenu.

Kwa niaba ya wanachama wote,
Ofisi ya chama, Uvira